Sikio la Mashua ya Bwana Lombard

Kijijini, Binga
12 Julai 1992

Mwanangu Lweendo,

Nakupigia makofi ya salamu ingawa uko mbali huyasikii. Sisi huku tunaamka, na mwaka huu anayeamka ashukuru. Mjomba wako Siamwinga anakusalimu. Goti linamuuma, mdomo haumuumi hata kidogo. Dada yako Choolwe anakusalimu, anasema ile blauzi uliyomtumia inambana, sasa sijui umesahau dada yako ana umbo gani. Jirani yetu Bina Mudenda anakusalimu, na wanawe wote, na yule mdogo aliyezaliwa umeshaondoka, naye anafundishwa kukuita kaka. Mbuzi mweupe hakusalimu, tumemla. Ng'ombe wa mjomba waliobaki wanasimama kwa kuegemeana. Mvua ilitunyima, mahindi tunapewa na serikali, yale ya njano, ugali wake unafanana na udongo wa kukandikia nyumba lakini unashibisha. Hayo ndiyo ya nyumbani. Na wewe? Unakula? Unalala sehemu yenye neti?

Barua yako nimeisoma mwenyewe, Choolwe alinisaidia maneno mawili matatu tu. Mwanangu, nimeshtuka. Unasema huyo Bwana Lombard amenunua mashine ya kuonyesha chini ya ziwa, na wewe ndiye umepewa kazi ya kuifunga, na itabidi utoboe mashua nyuma, chini ya mstari wa maji. Lweendo! Mashua inatobolewa chini ya maji? Mjomba kasema Bwana huyo hataki mashua, anataka kichujio. Mimi sikucheka. Ukishatoboa paka lami mara mbili, na yeye mwenyewe apande kwanza, wewe ubaki nchi kavu.

Halafu nikasoma tena pale uliposema mashine hiyo huchora chini ilivyo, mlima huonekana mlima na bonde huonekana bonde. Nimelala nalo neno hilo wiki nzima.

Unajua bibi yako Namoonga tulimwacha kule kwetu, ziwa lilipo sasa. Alizikwa chini ya kile kilima chetu chenye migongo miwili, upande wa mtoni, mimi nikiwa msichana wa kuteka maji. Pombe yake ya kumtuliza haikupikwa. Kimea kilikuwa bado kimeanikwa juu ya mawe malori ya kutuhamisha kupisha ziwa yalipokuja, wakatupandisha na kuku zetu, na maji yakaja nyuma yetu. Mtu asiyemwagiwa pombe yake hajui kama ameruhusiwa kupumzika. Mimi sijawahi kuikanyaga mashua tangu ziwa hili lizaliwe, silipendi, lakini kwa hili nitapanda.

Muulize Bwana wako kama mashine yake inaweza kuuona mlima wetu. Nijibu upesi.

Mimi mama yako,
Bina Lweendo

* * *

Kariba
26 Julai 1992

Mama yangu,

Shikamoo nyingi kwako na kwa mjomba. Choolwe mwambie umbo lake nalikumbuka, ila halikuwa hilo. Mimi nakula, neti ipo, ina tundu moja nimelishona.

Usiogope kutoboa. Tundu ni la skrubu tu, nalijaza gundi ya mashua kabla ya kukaza. Kazi ngumu si kutoboa, ni kujua wapi. Ile mashine ina kioo cha kukaa mbele kwa nahodha, na ina kichwa kidogo kama nusu ya sabuni kinachokaa ndani ya maji. Hicho kichwa sisi wa gereji tunakiita sikio. Kinapiga sauti kwenda chini, sauti inagonga, inarudi, sikio linasikia, kioo kinachora. Sasa sikio likikaa penye povu, halisikii kitu.

Mzee Gatawa, fundi ninayefanya naye kazi, alitaka tuligandishe ndani ya mashua, kwenye sakafu, tusitoboe kabisa. Sauti ingepita kwenye faibaglasi. Lakini tulipogonga sakafu ya mashua hii ikalia kama boga bovu. Ndani wameshindilia sponji. Sauti ingefia humo. Kwa hiyo inabidi tulifunge kwenye tezi, yaani nyuma kabisa ya mashua, kando ya injini.

Sasa sikiliza habari njema. Bwana Lombard anataka kuja kuvua samaki-tiger huko Binga mwisho wa Agosti, na mimi ndiye nitakayeshika usukani. Mwaka huu ziwa limerudi nyuma sana, visiki vya ile misitu ya zamani viko karibu na uso wa maji, ndiyo maana anaitaka mashine. Bila kuona chini hatasafiri. Nimemweleza habari ya bibi. Akasema, "Funga kitu hicho vizuri, Lweendo, tufike, kisha mama yako atapewa asubuhi moja."

Mama, tutafika tarehe 29 Agosti. Tayarisha.

Mwanao,
Lweendo

* * *

Kijijini
16 Agosti 1992

Mwanangu Lweendo,

Barua yako imefika, wote wamesalimiwa, Choolwe amekununia kisha akacheka. Sitarudia majina leo, mikono ina kazi.

Uwele nimeuloweka. Mjomba wako alinikuta naufungua ule mfuko wa mbegu, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Dada, watu wanachimba mizizi, wewe unataka kuwanywesha samaki pombe?"

Nikamwambia, "Samaki hawakukuzaa. Aliyekuzaa yuko chini yao."

"Maji yameshamzika mara ya pili. Mwache."

"Kama ameshazikwa mara mbili, adai pombe mbili. Nipishe."

Akapisha. Baadaye nikamwona anachagua mawe kwenye uwele kwa macho yake yale mabovu. Kwa hiyo kimea kinachipua na pombe itaiva kwa siku yako.

Ila kuna jambo linanisumbua. Umesema sikio hilo linapiga sauti kwenda chini. Lweendo, bibi yako hajapigiwa kelele na mtu tangu alale. Usipite juu yake mbio ukimpigia sauti kama mtu anayefukuza nyani shambani. Ukikaribia, zima injini. Vueni kofia, na Bwana wako avue. Piga makofi ya taratibu, sema wewe ni nani, mtoto wa nani. Kisha ndipo mashine iulize. Hata mtu aliye hai ukimwingilia uani bila kubisha hodi anakasirika.

Na mamba huko nyuma ya mashua unapofunga hilo sikio? Usiingize miguu majini. Najua utaiingiza.

Niandikie kama siku haijabadilika. Upesi.

Mama yako,
Bina Lweendo

* * *

Kariba
24 Agosti 1992

Mama,

Nakuandikia kwa haraka, namwahi dereva wa basi anayepitia Bulawayo. Usipike pombe. Kama hujaanza usianze. Hatuji.

Sikio nililifunga kushoto kwa injini, kwa sababu waya ulifika vizuri bila kuuunga. Tukiwa tumesimama, kioo kilichora chini ya ziwa safi kabisa, mpaka Gatawa akanipa mkono. Tukakimbiza mashua. Kioo kikawa cheupe. Tukapunguza, kikarudi. Tukakimbiza, cheupe tena. Propela yetu inazungukia kulia, na upande wa kushoto panga lake linapanda juu likibeba povu, nami nimelitia sikio humo humo kwenye povu.

Bwana Lombard alisimamisha mashua katikati ya ziwa. Akasema, "Nimenunua kioo cha kutazama mapovu?" Hataki nitoboe tezi yake mara nyingine. Na bila mashine kushika chini tukiwa mbioni, haji Binga kugonga visiki. Safari ameifuta.

Mama, nisamehe. Niambie barua hii imekuwahi.

Lweendo

* * *

Kijijini
9 Septemba 1992

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika, na za kwetu zipokee: mjomba, Choolwe, Bina Mudenda na wanawe, hata mbwa wa Bina Mudenda ambaye amekonda mpaka akitaka kubweka anaketi chini.

Barua yako ilitukuta mapema, usiwe na wasiwasi. Sikwenda popote. Pombe tuliinywa hapa hapa nyumbani kwa furaha, majirani walikuja, mjomba akaimba. Wala sikusikitika. Mtu aliyengoja tangu enzi za malori hawezi kushindwa na wiki mbili tatu.

Kwa Bwana wako usijibizane. Mtu mwenye mashua hana makosa. Wewe tafuta tu pale penye maji yaliyotulia. Mimi sijui mashine, lakini nijuavyo, hata kisima kina upande wake wa kutekea.

Kula. Niandikie upesi unisimulie afya yako, si mashine.

Mama yako,
Bina Lweendo

(Na karatasi hii ndogo imekunjwa ndani:)

Kaka, mimi ndiye ninayeipeleka barua hii posta kwa hiyo naongeza yangu, Mama hajui. Si kweli. Tarehe 29 alijifunga kitenge chake kizuri, akabeba mtungi kichwani mpaka ufukweni, akaketi kwenye vile visiki vilivyoanikwa na ukame. Kila mashua ya dagaa ikilia, alisimama na kujipangusa nguo. Kesho yake akarudi tena. Barua yako kondakta aliileta wiki iliyofuata, pombe imeshakuwa siki. Mjomba aliinywa hivyo hivyo na uso umekunjamana, akasema, "Ya mama yangu haimwagwi jaani." Hakuna aliyeimba. Uwele umekwisha kabisa. Usimwambie kuwa nimekwambia. Lakini kaka, fanya kitu.
Choolwe

* * *

Kariba
27 Septemba 1992

Mama yangu,

Shikamoo. Nafurahi kwamba mliinywa pombe kwa furaha na mjomba akaimba. Ningependa kumsikia.

Sasa kaa chini nikusimulie mashine, hata kama umenikataza.

Gatawa alinikuta nimekaa nyuma ya mashua jioni, naitazama tu. Akaniuliza, "Unaiposa?" Nikamwambia Bwana amekataza tundu jipya. Akasema, "Amekataza tundu kwenye mashua. Ubao ni wake?" Basi tulikata kibao cha plastiki ngumu, ile ya kukatia nyama, tukakifunga kwenye tezi upande wa kulia. Skrubu mbili tulipitisha kwenye matundu ya ngazi ya zamani iliyovunjika, gundi tele. Kwa hiyo tezi haina tundu hata moja jipya, na sikio tunaweza kulisogeza juu ya kibao mpaka lipate mahali pake.

Kisha Gatawa akaendesha, na mimi nikalala kifudifudi juu ya tezi, kichwa nje, natazama maji yanavyotoka chini ya mashua. (Miguu ilikuwa ndani, Mama.) Karibu na injini ni povu. Pembeni, pale penye ule ukingo wa chini, povu tena. Katikati ya hayo mawili kuna utepe wa maji unaotoka laini kama kioo, mwembamba, kiganja changu kinaufunika. Ndiyo hapo. Tukalishusha sikio likachungulia kidogo tu chini ya mashua, tukalilaza sawa na maji. Tukakimbiza mashua mpaka kofia ya Gatawa ikaruka. Chini ikachorwa mstari mmoja bila kukatika.

Bwana Lombard aliendesha mwenyewe kwenda na kurudi. Alitafuta kosa, hakulipata. Akasema, "Haya, Binga."

Tutafika katikati ya Oktoba, na tutakaa bandarini mpaka Ijumaa tarehe 23. Jumanne asubuhi, tarehe 20, mashua ni yako. Mara hii usishuke ufukweni mpaka nije kukuchukua mwenyewe. Niahidi.

Mwanao,
Lweendo

* * *

Bandari ya Binga
Jumatano, 21 Oktoba 1992

Mama,

Nakutumia sukari hii na samaki kwa mkono wa Choolwe, na maneno mawili matatu, kwa sababu jana pale ufukweni tulipokushusha ulikuwa kimya nami sikutaka kukusemesha mbele ya watu.

Mama, tumempata. Tangu jana natembea kama mtu aliyelewa. Nilipoona migongo miwili inachorwa kwenye kioo, sawa sawa kama ulivyosema, nilisahau kuzima injini, Bwana ndiye aliyeizima. Na ulivyosema naye, na alivyovua kofia yule mzungu, na kipara chake juani! Nami nikapiga makofi nikataja jina langu na lako. Nadhani bibi amesikia.

Halafu nikuambie jambo la kujisifu. Wakati wa kurudi, pale uliponishika shati na kunipigia kelele, nilidhani unaogopa mwendo, na injini ilinizuia kusikia. Kumbe ndipo sikio langu lilipojionyesha. Mashua imeinua pua, tunaruka, na chini inachorwa bila kukatika. Tukapita juu ya kilima kingine chenye migongo, mmoja mrefu na mmoja mfupi, nikakiona chote, mwanzo mpaka mwisho, mbioni! Bwana akanipiga begani, akasema hajaona kazi safi kama hii.

Pumzika sasa, Mama. Umefanya ulichotaka.

Lweendo

* * *

Kijijini
Jumatano hiyo hiyo, mchana

Mwanangu Lweendo,

Leo sisalimii mtu. Choolwe amevaa viatu anangoja nimalize.

Jana pale injini ilipozimwa, uliniuliza, "Mama, unaiona migongo?" Nikasema naiona. Mwanangu, kwenye kile kioo mimi niliona madoadoa tu kama ugonjwa wa ndizi. Lakini ulikuwa unapiga makofi na kutaja jina lako, na Bwana wako ameshika kofia kifuani, yote kwa heshima ya mama yangu. Nikapiga magoti nikamwaga. Nikasema maneno. Yalitoka makavu. Nikajiambia ni hii pombe ya mahindi ya njano, mama hajawahi kuiona, anauliza ni ya nyumba gani hii.

Halafu tukageuka kurudi. Mimi niliketi natazama nyuma, milima ya Zambia, kwa sababu mbele kulikuwa na upepo. Milima ile haikuzama, Lweendo. Sikuwahi kuitazama nikiwa katikati ya maji, ningeitazama saa ngapi? Ikawa inasogea jinsi tunavyokwenda. Mlima mmoja ukaanza kutoka mbele ya mwenzake, na katikati yao pengo likafunguka, taratibu, mpaka likakaa kama mlango. Nikalijua. Jua la kipupwe lilikuwa linatumbukia ndani ya pengo lile nikiwa nimeketi mlangoni kwetu namenya karanga na mama yangu, naye ananiambia, "Ingia ndani, jua limeshakwenda kwao." Nikakushika shati. Nikakupigia kelele usimame. Wewe ukanicheka ukaongeza moto. Pengo likajifunga.

Nilikuwa ninyamaze. Nilisema moyoni, mtoto amelala kifudifudi juu ya maji yenye mamba ili anitafutie bibi yake, nimnyang'anye furaha yake? Maji ni mamoja, pombe itasambaa, mama alikuwa mtembezi, ataifuata. Usiku wote nilikuwa najiambia hivyo.

Sasa umeniletea sukari na karatasi hii. Mmoja mrefu na mmoja mfupi! Lweendo, ndicho kile. Mrefu nundu, mfupi makalio, tulikuwa tunakiita ng'ombe aliyelala. Mimi ndiye niliyekuandikia migongo miwili nikaishia hapo, nikidhani kila mtu anajua migongo ya kwetu ilivyo. Nimemsomea mjomba wako mstari huo. Aliacha kutafuna. Akasema, "Kaburi liko chini ya ule mfupi," akatafuta fimbo yake. Naye anakuja.

Nusu ya kibuyu niliibakiza. Sijui kwa nini, mkono ulikataa kuinamisha zaidi. Lakini pombe ya mahindi haya haina uvumilivu kama ya uwele, tangu asubuhi inatoa povu mdomoni, kesho jioni itakuwa siki. Na Ijumaa mnaondoka.

Muulize Bwana Lombard sasa hivi, hata kama anakula, kama atatupa kesho asubuhi. Mwambie ni kosa langu mimi, si la sikio lako. Usimpe Choolwe chai kwanza. Amesimama mbele yako. Mpe jibu mkononi arudi nalo mbio.

Mama yako,
Bina Lweendo